Mkandarasi kavuruga sheria za ruhusa kwenye mfumo wa tiketi, sasa anadai alipwe kuzirekebisha

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mkandarasi alitusimikia OTRS, mfumo unaofungua tiketi kwa kila tatizo la mteja, kwenye dawati la huduma, malipo ya awamu ya kwanza yakatoka, na sasa mafundi wakitaka kufunga tiketi za foleni ya mtandao, hali ya "imefungwa" haipo kwenye orodha. Tatizo la mteja limeshatatuliwa na kashukuru, lakini tiketi inabaki wazi. Ripoti inasomeka tumechelewa, halafu anayeitwa kujieleza ni binti wa zamu ya usiku aliyemaliza kazi yake vizuri. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nikampigia mkandarasi. Jibu lake: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Lazima ifanye kazi! Anaingia kwa root@localhost, akaunti namba 1 ya msimamizi mkuu, ambayo mfumo hauibani kwa ACL (sheria ya ruhusa) yoyote. Hajawahi kujaribu hata mara moja kwa akaunti ya fundi wa kawaida.

Basi nikawasha mwenyewe TicketACL::Debug, sehemu ya OTRS inayoandika jinsi sheria hizo zinavyofanya kazi, nikaichuja ifuatilie tiketi moja (bila kuchuja, kumbukumbu inajaa takataka na huoni kitu). Jibu likatoka hapohapo. Sheria zake kazipa majina 1, 2, 3 hadi 12, bila neno la maelezo. OTRS huzipanga kama maandishi, haizihesabu kama namba: ikimaliza 1 inasoma 10, 11, 12, ndipo inarudi kwenye 2. Sheria ya 3 inaondoa "imefungwa" kwa kila mtu kwa PossibleNot. Ya 10 ilipaswa kuirudisha kwa mafundi kwa PossibleAdd, lakini inasomwa mapema, wakati hakuna kilichoondolewa. Kisha 3 inakuja na kuifuta.

Dawa ni kuzipa majina ya 003, 010 na kuendelea, halafu kuzisambaza upya. Kazi ya dakika chache! Yeye anasema hayo ni "mabadiliko nje ya mkataba", nimletee hati ya manunuzi kwanza.

Sikubali. Hii ni kasoro ya kazi yake, iko ndani ya kile tulichokwisha kumlipa, na awamu ya pili sitaisaini. Mliowahi kuandika mikataba ya namna hii, kipengele cha majaribio kwa akaunti za watumiaji wa kawaida mnakiwekaje ili mtu asipate pa kuchomokea?