Muvi za kutisha, Ringu ya Japani na The Ring ya Marekani: tupeane uzoefu, ipi ilikunyima usingizi?

Wakuu salaam. Mimi nilianza na ya Marekani, ile ya 2002 ya Naomi Watts, tuliicheki kibanda umiza tumejazana, kelele mwanzo mwisho, nikarudi geto nikalala fresh. Ringu yenyewe ya Hideo Nakata ya 1998 nimekuja kuipata miaka mingi baadae, nikaicheki peke yangu usiku, hedifoni masikioni. Zote stori ni kanda ya video yenye laana: ukiicheki simu inaita, baada ya siku saba unakufa. Ya Marekani ukipokea simu kuna sauti inakwambia siku saba, ya Japani ni mlio tu, hakuna anayeongea. Halafu Sadako, yule mzimu wa ya Japani, anatoka kwenye TV anatambaa, vidole havina kucha, uso huuoni, nywele tupu, mwishoni ndo unaona jicho moja limegeuka. Nilichomoa TV ukutani kabisa. Haya na nyie leteni zenu.

— Mkuu mi ni ile tembea ya Sadako. Kumbe yule dada aliyemuigiza, Rie Inō, alitembea kinyumenyume halafu picha wakaichezesha kutoka mwisho kuja mwanzo, ndo maana viungo vinaenda sivyo. Nilirudia kipande hicho mara tatu nikijua kabisa walivyofanya na bado mwili ulisisimka.

— Hapa nawapinga. Ya Marekani ina farasi kwenye feri, Wajapani hawana hiyo kitu. Mimi mtoto wa Kigamboni, pantoni nimepanda tangu nabebwa mgongoni. Farasi anapata wazimu, anavunja banda lake, anakimbia katikati ya magari, anaruka majini. Kesho yake nikapanda pantoni pamoja na gari la ng'ombe, safari nzima nimeshika chuma namwangalia ng'ombe mmoja macho tu.

— Kwangu ni Ju-on ya Japani ya 2002 na The Grudge ya Marekani ya 2004. Director yule yule Takashi Shimizu, yule mzimu Kayako kaigizwa na yule yule Takako Fuji, na hata ya Marekani stori inatokea Tokyo, kwahiyo sikuona nani kamzidi mwenzie, zote zilinitesa. Mdada anakimbilia kitandani anajifunika gubigubi, anafunua shuka, Kayako yumo humo humo ndani! Mimi tangu mdogo nikiogopa nilikuwa najifunika shuka, bibi ndo alinifundisha hivyo, sikuwa na ulinzi mwingine. Hadi leo kabla sijajifunika lazima ninyanyue kwanza niangalie.