Jua la Mombasa: tulaumu mawingu au moshi?

Fundi sola, Tudor (mwenye mada): Kila nikipanda paa naulizwa, mbona jua halitoi umeme kama zamani? Wengi wanalaumu mawingu, wengine moshi wa malori ya Changamwe na meli za Kilindini. Wapo pia wanaobisha kwamba jua limezidi, eti angalia joto la Machi. Hawa wanachanganya joto na mwanga. Paneli hula mwanga; joto likizidi, umeme hupungua.

Msimamo wangu ni huu: kwa siku na kwa msimu, wingu ndilo bwana. Masika ya Mei kila mwenye inverta ya sola anayajua. Lakini kwa miongo, ushahidi unaelemea moshi. Ulaya, mwanga unaofika ardhini ulipungua toka miaka ya 1950 hadi ya 1980, kisha ukapanda. Martin Wild wa chuo cha ETH Zurich na wenzake walichambua vipimo vya Potsdam, Ujerumani, wakachukua nyakati zisizo na wingu peke yake. Kupungua na kupanda kule kukabaki palepale. Wingu lingekuwa ndilo chanzo, kungetoweka. Salfa ya moshi wa makaa ya mawe iliongezeka, halafu sheria zikaibana.

Mkazi, Likoni: Ahsante fundi, ila Potsdam si Likoni. Wao walizungukwa na viwanda, sisi kusi inatuletea hewa ya bahari kuu miezi kwa miezi. Na usiyapuuze mawingu: tangu mwaka 2000 vyombo vya CERES vya NASA, vinavyopima mwanga kutoka kwenye setilaiti, vinaonyesha Dunia inarudisha angani mwanga mchache kuliko awali, na kupungua kwa mawingu ya chini kumechangia sana. Hilo si jambo la msimu mmoja.

Fundi sola: Sikatai. Lakini moshi na wingu havikai mbalimbali, ndugu yangu. Chembe za salfa hugawa maji ya wingu kuwa matone madogo mengi, nalo likawa jeupe zaidi na kurudisha mwanga juu. Tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha juu cha salfa kinachoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kilishushwa duniani kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mistari ya mawingu inayoachwa na meli baharini ikapungua. Sasa hapo utasema ni wingu au ni moshi?

Muuza ng'onda, Mtongwe: Wanangu, mie naanika samaki. Wingu jembamba la juu halinikatizi kazi. Lile zito la kusi ndilo linaloniozeshea mali. Msiseme "mawingu" kana kwamba ni kitu kimoja. Na ninyi nyote mnabishana kwa vipimo vya kwa watu.

Fundi sola: Mama umegusa penyewe. Kuna kile kipimo cha zamani, tufe la kioo linalounguza mstari kwenye kadi. Wingu zito likipita mstari hukatika, anga likitakata unaendelea. Lakini utando mwembamba wa moshi saa sita mchana haukati mstari. Kwa hivyo kadi inahesabu saa za jua, haisemi mwanga ulikuwa na nguvu gani. Nguvu inapimwa na piranomita. Viwekwe vyote viwili kisiwani, kwa fedha za kaunti, visomwe miaka na miaka. Saa za jua zikibaki zilezile na nguvu ikashuka, tushuku moshi kwanza. Zikishuka pamoja, tushuku wingu.

Mkazi, Likoni: Naunga mkono kupima, siungi mkono hukumu yako. Wingu jembamba nalo halikati mstari, na Mama amekwisha kukwambia yako ya namna nyingi. Halafu kioo cha piranomita kikishika chumvi ya bahari, usomaji utashuka, nawe utaandika "moshi". Nani atakifuta kila asubuhi?

Fundi sola: Basi mshahara wa mfutaji uingie kwenye bajeti pamoja na kifaa. Bila yeye nisingetaka kinunuliwe.