Naomba ushauri: tea cakes zangu zinatanuka kama chapati

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Niliishi Georgia, Marekani, miaka minne. Jirani yangu, bibi mmoja Mmarekani Mweusi, alinifundisha kuoka tea cakes: biskuti nene, laini katikati, zinazonukia kungumanga na vanila. Ni za asili kwao kule Kusini, hazina mbwembwe. Bibi alipima kwa macho na mkono. Mimi nilikuwa naandika pembeni: unga vikombe 3, sukari kikombe na robo, siagi kikombe 1, mayai 2, mtindi robo kikombe, beking soda nusu kijiko cha chai.

Sasa nimerudi Mwanza na zinanishinda. Zinatanuka, pembeni zinaungua, kati mbichi. (Ladha ipo lakini, nimeshakula nne mbovu nikiandika hapa.)

Nahisi tatizo ni siagi. Ninayotumia ni ile ya kopo, na kusema kweli hiyo ni majarini, tena kwa joto la huku inayeyuka kabla sijakata donge. Halafu bibi alioka kwa nyuzi 350 za Fahrenheit, kama 177 za Selsiasi, na oveni yangu ya gesi haina kipimo, nabahatisha tu.

Je, nilaze donge kwenye friji usiku kucha? Niongeze unga, au zitakuwa ngumu? Na kuna aliyewahi kuoka biskuti laini kwa sufuria na mkaa? Jumamosi mama mkwe anakuja, nisaidieni jamani.