Picha adimu za vita vikuu vya dunia: tuamini picha au maelezo yaliyo chini yake?

Msaka Picha aliuliza:

Wanajamvi, nawasalimu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikusanya picha za Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili ya Dunia, hasa zile zisizochapishwa mara kwa mara, na kila ninapopata mpya huandika pembeni mahali ilipopigwa, tarehe, jina la mpigaji na kisa chake. Niliidhani kazi hii kuwa nyepesi, mpaka nilipogundua kwamba picha moja inaweza kuwa na visa vitatu vinavyokinzana, na kila kisa kina watu walio tayari kukiapia.

Iliyonikwamisha kabisa si adimu hata kidogo, ila visa vyake vimenishinda. Ni ile ya wanajeshi sita wa Marekani wakisimika bendera juu ya mlima katika kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945. Mahali pamoja nimesoma kwamba ilipigwa papo hapo bila kupangwa. Mahali pengine kwamba wanajeshi waliombwa warudie tendo lao mbele ya kamera. Na pengine tena kwamba bendera ile haikuwa ya kwanza kupandishwa siku hiyo. Majina ya wale sita nayo hayalingani kutoka chapisho moja hadi jingine. Mkanganyiko wa namna hiyo nimeukuta pia katika picha ya askari wa Kisovieti na bendera yao juu ya jengo la Reichstag, bunge la Ujerumani, mjini Berlin.

Naomba kujua, mtu asiye mtaalamu aanzie wapi kupima kisa cha picha ya vita? Na picha ikishathibitika kwamba ilipangwa, niitoe katika mkusanyo wangu?

Mlinzi wa Kumbukumbu alijibu:

Ndugu Msaka Picha, katika hayo matatu uliyoyasoma kuhusu Iwo Jima, la kwanza na la tatu ni kweli, na la pili limezaliwa na kutoelewana ambako nitakueleza.

Asubuhi ya tarehe 23 Februari 1945 bendera ndogo ilipandishwa juu ya mlima Suribachi, na mpiga picha wa jeshi la wanamaji, Louis Lowery, akaipiga. Baadaye iliagizwa bendera kubwa zaidi ipelekwe kileleni ili ionekane kutoka pande zote za kisiwa. Joe Rosenthal, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la Associated Press, alifika wakati bendera ya pili inaandaliwa. Alikuwa mfupi wa kimo, akarundika mawe apate pa kusimama, na nusura tukio limpite, kwa sababu mti wa bendera ulianza kuinuliwa kabla hajajiweka sawa. Alibonyeza kamera bila kuwa na hakika amepata nini. Kisha, kwa tahadhari, akawaomba wanajeshi waliokuwapo wakusanyike chini ya bendera, akawapiga picha ya kundi wakishangilia.

Mkanda wake ukapelekwa kisiwani Guam kusafishwa, na picha ikasambaa duniani kabla yeye mwenyewe hajaiona. Siku kadhaa baadaye mtu akamuuliza kama aliipanga picha yake. Rosenthal, akidhani anaulizwa kuhusu ile ya kundi, akajibu kwamba ndiyo, aliipanga. Jibu hilo moja lilimfuata maisha yake yote.

Anayemwondolea shaka ni mtu aliyesimama karibu naye. Sajenti Bill Genaust alikuwa akichukua filamu ya rangi ya tukio lile lile, na filamu hiyo inaonyesha mti wa bendera ukiinuliwa kwa mwendo mmoja, bila kusita wala kurudia. Genaust aliuawa kisiwani humo siku chache baadaye, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako ni kwamba picha usiitazame peke yake. Tafuta iliyotangulia na iliyofuata katika mkanda ule ule, na utafute mpigaji mwingine aliyekuwapo.

Kuhusu majina, usishangae hayalingani. Nyuso karibu zote hazionekani, na vita viliendelea kisiwani zaidi ya mwezi mmoja baada ya siku ile. Watatu kati ya wale sita hawakurudi. Jina moja lilisahihishwa mwaka 1947. La pili likasahihishwa mwaka 2016, baada ya watu wa kawaida wenye subira kulinganisha kofia, mikanda na namna silaha zilivyoning'inia katika picha nyingine za siku hiyo. La tatu likafuata mwaka 2019. Chapisho la mwaka 2000 na la mwaka 2020 hayawezi kuwa na orodha moja. Ukinakili majina, nakili pia mwaka wa chapisho.

Chumba cha Giza alijibu:

Naungana na Mlinzi kuhusu Iwo Jima, lakini ushauri wake wa kutafuta mkanda mzima una mpaka, kwa kuwa mara nyingine kilichoguswa ni negativu yenyewe, yaani filamu ya asili ambayo picha huchapwa kutoka kwayo. Ile ya Berlin ndiyo mfano wake.

Mpiga picha wa Kisovieti, Yevgeny Khaldei, alifika Berlin akiwa na bendera yake mwenyewe, iliyoshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza. Bendera ya kwanza juu ya Reichstag ilikuwa imepandishwa usiku wa tarehe 30 Aprili 1945, wakati mapigano yanaendelea ndani ya jengo, gizani, na hakuna picha yake. Khaldei alipanda juu tarehe 2 Mei pamoja na askari wachache, akawapanga, akapiga mkanda mzima. Ipo ya askari mmoja ameinamia ukingoni kushika bendera huku mwenzake akimshikilia miguu kwa chini, na ndiyo iliyochaguliwa.

Lakini picha ilionyesha zaidi ya ilivyotakiwa. Yule aliyeshika miguu alionekana kuwa na saa katika mikono yote miwili, na kila aliyeitazama angeelewa kwamba moja ameipora. Ikakwanguliwa kwa sindano kwenye negativu. Moshi nao ukaongezwa angani ili mji uonekane ungali unawaka. Wapo wanaosema kwamba kimoja kati ya vile viwili kilikuwa dira ya kijeshi, jambo ambalo lingekuwa mzaha mchungu, maana kilichofutwa kwa aibu kingekuwa hakina aibu yoyote.

Sasa, je, uitoe? Mimi nasema hapana, na napinga neno «ya uongo» ambalo wengi hulitumia kwa kila picha ya kupangwa. Jengo lilikuwa limetekwa kweli, askari ni wa kweli, na mji ulio chini yao umebomoka kweli. Kisichokuwapo ni dakika ile ambayo mtazamaji anadhani anaiona. Iandike hivyo hivyo. Jambo zito zaidi ni lile alilofanya Frank Hurley, mpiga picha rasmi wa Australia katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyeunganisha negativu kadhaa kuwa picha moja kwa hoja kwamba uwanja wa vita haukubali kuingia wote katika fremu moja: mlipuko ulichukuliwa huku, askari kule, ndege mahali pengine. Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita wa nchi hiyo, aliziita za kughushi, na wakagombana hata Hurley akatishia kujiuzulu. Watazamaji waliozifurahia London mwaka 1918 waliona shambulio ambalo halikuwahi kutokea jinsi lilivyoonyeshwa.

Kuna swali jingine ambalo mimi huliuliza kabla ya kutazama picha: ilitokea lini hadharani, na nani aliihitaji wakati huo? Picha ya Heinrich Hoffmann, aliyekuja kuwa mpiga picha wa Hitler, ya umati mjini München tarehe 2 Agosti 1914, ambamo Hitler kijana anaonekana akishangilia vita, ilichapishwa mwaka 1932 katika gazeti la chama chake, wakati wapinzani wake wakimsema kwamba alikwepa jeshi la Austria. Mwaka 2010 wanahistoria wa Ujerumani waliishuku hadharani, na sababu mojawapo ni kwamba negativu ya tukio hilo haikuonekana katika hifadhi ya Hoffmann. Miaka 18 kati ya kupigwa na kuchapishwa ingetosha kumfanya mtu atulie kwanza.

Bi Kumbukizi alijibu:

Nawashukuru nyote, lakini mazungumzo yameelemea upande mmoja. Mnazungumzia bendera na ushindi, yaani picha zilizopigwa na watu waliotaka zionekane. Kwangu picha adimu kwa maana halisi ni ile iliyopigwa na mtu ambaye angeuawa kwa kuipiga.

Mwezi Agosti 1944, katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, wafungwa waliolazimishwa kuhudumu kwenye matanuri ya kuchomea maiti waliingiziwa kamera kwa siri. Mmoja wao, anayetajwa katika kumbukumbu kwa jina la Alex, alipiga picha nne zilizobaki. Mbili alizipiga akiwa amejificha ndani ya mlango wa jengo, na moja kati ya nyingine mbili ina vilele vya miti peke yake, kwa sababu kamera ilikuwa imeshikwa chini na hapakuwa na nafasi ya kulenga. Filamu ilitolewa kambini ndani ya mrija wa dawa ya meno na kufikishwa kwa wapinzani wa Wanazi mjini Kraków.

Angalieni kilichofanyika baadaye, na hakikufanywa na adui. Wachapishaji walizikata kingo. Ule weusi mpana wa mlango, unaofunika sehemu kubwa ya picha mbili za kwanza, uliondolewa ili moshi na miili vionekane kwa ukaribu, na katika ile nyingine, inayoonyesha wanawake, miili ilitengenezwa iwe dhahiri zaidi. Walikusudia kuwasaidia wasomaji. Lakini weusi ule ndio ushahidi wa mahali alipokuwa amejibanza mpigaji. Ukiuondoa, anakuwa kama mtu aliyesimama uwanjani kwa raha zake. Kwa hiyo Ndugu Msaka Picha, katika mkusanyo wako tafuta kila mara nakala isiyokatwa, hata kama ni mbaya kwa macho.

Nitaongeza moja tu. Tarehe 6 Agosti 1945 Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti mjini Hiroshima, alizunguka mjini kwa saa nyingi na kamera yake, na akabaki na picha tano. Ya kwanza aliipiga kwenye daraja la Miyuki, takriban kilometa 2 kutoka kitovu cha mlipuko, mbele ya watu walioungua waliokuwa wameketi barabarani. Alisimulia baadaye kwamba alisitasita muda mrefu kabla ya kubonyeza, na kwamba alipotaka kupiga ya pili machozi yalimzuia kuona. Hizo tano hazikupangwa, lakini hata hizo kisa chake hakikamiliki bila zile alizokataa kuzipiga.

Msaka Picha aliandika tena:

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia, na nimerudi kwenye mafaili yangu nikiwa na haya kidogo. Bado nina bahasha moja inayonisumbua, ya picha za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Nyingi zimetoka hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, na maelezo yake ni ya Kijerumani cha wakati ule. Niyatafsiri yalivyo?

Mlinzi wa Kumbukumbu alijibu:

Yatafsiri yalivyo, kisha uweke maelezo yako chini yake, na mstari kati ya hayo mawili uonekane. Bundesarchiv yenyewe ilipotoa zaidi ya picha 80,000 kwa matumizi huru mwaka 2008 iliacha maelezo ya asili kama yalivyoandikwa, huku ikitahadharisha kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo wa wakati wake.

Nyingi katika bahasha yako bila shaka ni za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam na aliyefuatana na vikosi vya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Zisome kwa kuuliza nani ametajwa. Chukua picha za mizinga ya manowari Königsberg. Meli hiyo ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikatengenezewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu, na mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Maelezo ya picha hizo hutaja meli, aina ya mzinga, na mara nyingine ofisa. Wale waliovuta kamba hutajwa kwa neno moja tu, wapagazi, kama vile magurudumu yangetajwa.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi, wanakadiriwa kufikia takriban 95,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini ukitafuta picha ambayo mpagazi mmoja ametajwa kwa jina lake utachoka.

Chumba cha Giza alijibu:

Niongeze la kiufundi. Kamera za uwanjani wakati ule, hasa za sahani za kioo, mara nyingi zilimtaka anayepigwa atulie. Ukimwona mpagazi amesimama wima, mzigo kichwani, anatazama kamera, fahamu kwamba huenda msafara mzima ulisimamishwa kwa ajili yake. Tazama miguu: aliye mwendoni huwa na ukungu miguuni hata kama uso umetulia.

Msaka Picha aliandika tena:

Nimeitazama miguu. Katika picha niliyokuwa nimeiandikia «Msafara ukivuka nyika» miguu yote imetulia, na mtu wa tatu kutoka kushoto ameutua mzigo wake kwenye goti. Nimefuta niliyoyaandika. Sasa inasomeka: «Wapagazi wanne na askari mmoja, wamesimamishwa wapigwe picha. Mpigaji hakuandika majina yao.»