Koili ya MRI ya kifundo cha mkono: kukunja kunahamisha masafa

Mwanafunzi_Ubungo
Habari za kazi, wakuu. Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho ninatengeneza koili ya kupokea ishara, inayoweza kukunjwa kuzunguka kifundo cha mkono, kwa mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) yenye sumaku ya tesla 1.5, yaani masafa ya takriban megahezi 63.9. Kitanzi cha koili hiyo, chenye kipenyo cha sentimita 6, nimekishona juu ya kitambaa kwa uzi unaopitisha umeme. Nikikikunja, masafa huhama kwa megahezi 0.4, na picha za chupa ya maji ya chumvi zina chenga nyingi. Q (kipimo kinachopungua kadiri nishati inavyopotea kwenye kitanzi) ni 90 kitanzi kikiwa peke yake, na 75 kikiwa juu ya mkono. Nizuieje kuhama huko?

Fundi_Upanga
Ndugu, tatizo lako kubwa si kukunja. Q ikishuka kutoka 90 hadi 75 tu, maana yake ni kwamba mkono umechangia sehemu moja kati ya sita za ukinzani wote, na sehemu tano zilizobaki ni za uzi wako na vipande vilivyounganishwa nao, ambavyo ndivyo vinavyoleta kelele, yaani hizo chenga. Tumia waya wa shaba uliosukwa, kisha upime tena. Q inatakiwa ishuke angalau kwa nusu ukiweka mkono. Kwa sasa mkanda wa masafa ambao kitanzi chako kinaupokea una upana wa megahezi 0.85 hivi, kwa hiyo bado unauvumilia huo mhamo. Kapasita utakazonunua Kariakoo zijaribu kwanza kwa sumaku ya spika kuukuu, kwani zenye nikeli kwenye ncha huvutwa, na zitaipotosha picha.

Saketi_Kigamboni
Kuhusu uzi ninakubali. Hata hivyo, kwa vidole ningefikiria kebo nyembamba ya koaksio (waya uliozungukwa na ganda la waya mwingine): mwaka 2018 watafiti wa New York walionyesha glavu ya vitanzi vya namna hiyo, ambavyo haviingiliani sana hata vikisogeleana mkono unapojikunja. Ugumu ni kwamba urefu wa kebo ndio unaoamua masafa, na ili kitanzi kidogo kishuke hadi 63.9 itabidi uizungushe zaidi ya mara moja.

Mwanafunzi_Ubungo
Nitaanza na shaba. Je, daiodi moja ya kukizima kitanzi wakati mashine inatuma mawimbi inatosha kabla ya kuweka mkono wa mtu?

Fundi_Upanga
Haitoshi. Ikifa bila wewe kujua, mkondo utakaozuka kwenye kitanzi unaweza kuchoma ngozi. Ongeza saketi ya pili inayokizima kitanzi yenyewe bila kungoja amri ya mashine, weka na fyuzi, kisha utenganishe waya na ngozi kwa sponji isiyonyonya maji, maana kwa joto la hapa Dar kitambaa kitalowa jasho.