Naombeni ushauri: kiduha kimeshika shamba la mtama, Kongwa

Wakuu habari zenu, nalima mtama huku Kongwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kimeshika shamba vibaya mno, vile vimaua vya zambarau ukiviona juu ujue chini mizizi imeshanyonywa kitambo, jani linajikunja utadhani ukame na mvua imenyesha juzi tu. Sasa nimesoma kumbe mzizi wa mtama wenyewe ndio unatoa kemikali inayoamsha mbegu ya kiduha, ila kuna mitama ambayo jeni inaitwa LGS1 imepotea, kemikali inabadilika na mbegu nyingi za kiduha zinabaki zimelala, yaani mmea unajilinda kwa kukaa kimya, nimependa sana hii.

Nafikiria kuhamia mbegu za mtama za Hakika au Wahi, zilitolewa hapa nchini 2002 kwa ajili ya kiduha. Mliolima Dodoma, jua la Februari zinavumilia kama ile mbegu ya mtama ya Macia? Na jirani analima mtama wa kienyeji, mbegu nikijiwekea mwenyewe ukinzani utabaki au utachanganyika? Kituo cha utafiti cha Hombolo wanamuuzia mbegu mkulima mdogo? Nijibuni kabla ya Desemba jamani, mbegu za kiduha zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10.