Barua ya posta: nawezaje kujua imefika na nani kaisaini?

binti_Rungwe

Wakuu habari za humu. Niko Uyole hapa Mbeya naomba msaada wenu maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mwezi wa tatu nilituma barua kwa niaba ya mama kwenda ofisi moja Dar, ni mambo ya mafao ya marehemu baba. Ndani kulikuwa na nakala ya cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mtendaji wa kijiji, zote nimepeleka kwa wakili zikagongwa muhuri na kila karatasi nimeilipia. Nikabandika stempu nikaitumbukiza kwenye boksi pale posta nikajua hapo imeisha. Mwezi wa sita tukapiga simu, dada aliyepokea akasema hakuna barua yenu hapa. Nikamwambia mbona tulituma, akaniuliza una namba yake? Sina. Risiti? Sina. Nani aliipokea? Sasa mimi nitajuaje. Mama alikuwa kakaa kwenye kigoda anamenya ndizi na simu ilikuwa loud spika, akaweka kisu chini akaniangalia tu bila kusema neno.

Sasa nataka kutuma upya ila safari hii nitraki hiyo barua mpaka mwisho, na nipate karatasi ya kuonyesha fulani alipokea tarehe fulani. Hivi hapa kwetu inawezekana au ni mambo ya Ulaya?

karani_Iringa

Kamwene dada, pole sana na mama mpe pole. Mimi kazi yangu ni barua ofisini hapa Iringa, miaka 11 sasa, kwahiyo ngoja nikwambie ninachokifanya kila wiki.

Barua ya stempu ya kawaida haina namba. Ikishaingia kwenye boksi hakuna mahali inaandikwa, haitrakiki, hata meneja wa posta hawezi kukwambia iko wapi. Sio kwamba posta wamekuficha, hakuna rekodi kabisa. Unachotaka wewe ni rejista. Usitumbukize, ingia ndani mpaka kaunta sema nataka kutuma kwa rejista, watapima uzito, watabandika stika yenye mistari na namba, na utapewa risiti yenye namba hiyohiyo. Kuanzia hapo barua inasainiwa kila inapobadilisha mikono. Kama una haraka kuna EMS, hiyo nayo ina namba ila bei iko juu zaidi.

Sasa wengi wanaishia hapo na risiti wanaiweka kwenye pochi wakidhani ndio ushahidi. Risiti inasema UMETUMA. Haisemi mtu kapokea. Kwahiyo ukiwa hapohapo kaunta waombe na kile kikadi anachosaini mpokeaji halafu kinarudi kwako kwa posta, unalipia kidogo juu yake. Kikirudi kina sahihi na tarehe. Ukisahau kukiomba siku ya kutuma ndio basi tena, kwahiyo sema mapema.

Na anwani andika kamili, S.L.P. na jina la cheo, mfano "Mkurugenzi" au "Mkuu wa Kitengo" fulani, usiandike jina la ofisi peke yake. Nyuma ya bahasha weka S.L.P. yako ili ikikosa mwenyewe irudi.

Mkinga_wa_Makete

Dada hayo yote ya nini mpe konda wa basi la usiku, asubuhi iko Dar, jamaa yako anaichukua stendi anapeleka. Sisi biashara zetu zote ndio tunavyofanya, mizigo ya mamilioni inashuka hivyo.

mama_Makambako

@Mkinga kaka kwa mzigo wa duka sawa, kwa barua kama hii mimi sishauri. Mwaka jana nilipeleka bahasha ya mwanangu kwa basi, vyeti vya shule, nikapewa risiti ya mzigo nimeandikiwa "bahasha 1" basi. Kufika kule wakasema imeshachukuliwa. Na nani? Mtu tu kataja jina la juu ya bahasha. Hakuna aliyeuliza kitambulisho. Vyeti vile tulihangaika navyo miezi. Rejista angalau inasubiri kaunta, kwenye sanduku wanaweka kijikaratasi cha kumwita mwenye sanduku, anakuja na kitambulisho anasaini ndio anakabidhiwa.

mhudumu_mstaafu

Mwanangu binti Rungwe, nimekuwa mhudumu wa ofisi Njombe mpaka nikastaafu, nimetembea na kitabu cha dispatchi kwapani kwenye mvua na ukungu wa kule. Nikushauri kitu kimoja. Sahihi ya posta inathibitisha bahasha imefika kwenye ile ofisi. Haithibitishi kilichokuwa ndani, na haithibitishi kwamba imefika kwenye meza inayohusika, kwasababu anayesaini kaunta mara nyingi ni mhudumu kama nilivyokuwa mimi, anachukua barua za siku nzima kwa mpigo.

Kwahiyo kwenye barua yako pale chini orodhesha viambatanisho vyote kimoja kimoja na idadi ya kurasa. Toa nakala ya kila kitu ubaki nayo. Na kama una ndugu Dar, hata mpwa tu, mtumie nakala ya pili aende nayo kwa mkono mpaka masijala, pale ofisi inapopokea barua na kutunza majalada. Aende na nakala mbili, moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa KUPOKELEWA wenye tarehe na anayepokea anaweka sahihi. Asiondoke bila ule muhuri. Aombe na namba ya jalada. Ukipiga simu unataja namba ya jalada, hutaulizwa tena kama ulituma.

Tarehe ni kitu kikubwa mwanangu. Mtu anayetaka kuishtaki serikali anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza, sasa siku hizo utazihesabu kuanzia wapi kama huna tarehe ya kupokelewa?

binti_Rungwe

Ndaga fijo wote, baba mhudumu na karani Mungu awabariki. Leo nimeenda posta mjini nimetuma kwa rejista na kikadi nimeomba. Tatizo risiti imetoka na wino hafifu, tarakimu moja sijui ni 3 au 8, nikiingiza kwenye simu inasema haipo. Nirudi?

Mafinga_kompyuta

Kurudi rudi dada, ila hiyo tarakimu unaweza kuipata hapohapo ulipo. Namba ya posta ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi, jumla 13. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS, mwisho TZ maana imetoka kwetu. Ni utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ule wa tangu 1874 wenye makao Bern Uswisi.

Tarakimu ya 9 ni ya kuhakiki zile 8. Mfano RR123456785TZ: chukua 1 2 3 4 5 6 7 8, zidisha kila moja kwa mpangilio huu 8 6 4 2 3 5 9 7, jumlisha unapata 204. Gawa kwa 11 inabaki 6. Sasa 11 toa 6 ni 5, na 5 ndio ya tisa. Imekubali. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Jaribu yako kwa 3 halafu kwa 8, itakubali moja tu. Halafu hata ukiipata isipotokea leo usishtuke, subiri kesho mpaka waiskani.

binti_Rungwe

Ni 8! Jana bado ilikuwa haionekani, leo imetokea, imeshatoka Mbeya. Na binamu yangu yuko Temeke, kesho kutwa anaenda masijala na nakala mbili. Mama anauliza kikadi kikirudi kitakuja kwenye sanduku la nani maana hatuna letu?

karani_Iringa

Kinarudi kwenye anwani uliyoandika kama mtumaji. Kama uliandika S.L.P. ya shule au ya kanisa, wajulishe mapema wanaofungua hilo sanduku wakitunze, na wewe pita kila Ijumaa ukiulizie.

binti_Rungwe

Niliandika ya kanisa. Jumapili namwambia katibu.